Lord Buckley: mlumbi wa zama za jazi ambaye karibu kila mtu amemsahau

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, naomba mnivumilie kwa urefu wa uzi huu, kwa sababu unamhusu mtu ambaye kila ninapomtaja mbele ya wapenzi wa jazi huniuliza alikuwa akipiga chombo gani. Hakupiga chombo chochote. Kazi yake ilikuwa kusema.

Wazazi wake walimwita Richard Myrle Buckley. Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1906 huko Tuolumne, mji mdogo wa wakata miti kwenye vilima vya California, na akafariki New York tarehe 12 Novemba 1960 akiwa na umri wa miaka 54. Jukwaani Mzungu huyu alijiita Lord Buckley, cheo cha kitemi ambacho hakuna mfalme aliyempa. Alivaa suti ya jioni na kusokota masharubu yake kwa nta, na mara nyingine alivaa ile kofia ngumu nyeupe ya maofisa wa kikoloni. Alianza kwa Kiingereza cha makabaila wa Uingereza, taratibu, kwa adabu nyingi, kisha ghafla sauti ikashuka kifuani na akawa anazungumza kama mpiga saksafoni Mweusi aliyetoka kazini saa kumi za alfajiri.

Niseme mapema kwamba ninapoandika jazi simaanishi Morogoro Jazz wala Western Jazz, bendi zetu za dansi zilizoazima jina hilo. Namaanisha muziki wenyewe wa Wamarekani Weusi, hasa ule wa miaka ya 1940 na 1950.

Nimemsikiliza mtu huyu kwa miaka mingi, na nimefikia kuamini kwamba alisahaulika kwa sababu kwao hakuna aliyejua ampe jina gani. Wachekeshaji walitarajiwa kutoa mzaha mfupi mfupi, watu wacheke, waendelee na mwingine; yeye alichukua dakika kumi kwa kisa kimoja, na ndani yake kulikuwa na sehemu ambazo hakuna aliyethubutu kucheka. Washairi hawakumhesabu kuwa mwenzao kwa kuwa alifanya kazi vilabuni kati ya moshi na glasi. Wanamuziki walimpenda, lakini muuza santuri hakujua amweke rafu ipi. Katika Kiswahili jina la mtu wa namna hiyo lipo tangu zamani: ni mlumbi. Anasimama mbele ya watu, anachukua kisa ambacho wote wanakijua, anakisema kwa mapigo yake mwenyewe, na watu wanarudi kesho kumsikiliza akikisema tena.

Ulumbi huo hakuupata shuleni. Ujanani alifanya kazi katika kambi za kukata miti. Kisha ikaja miaka ya 1930, wakati uchumi wa Marekani ulipokuwa umeanguka na mamilioni ya watu hawana kazi, na yakazuka mashindano ya kucheza dansi bila kukoma. Watu waliingia uwanjani wawili wawili, wakacheza au kujikokota kwa dakika 45, wakapumzika 15, wakarudi tena, mchana na usiku, kwa wiki kadhaa na mara nyingine kwa miezi, mpaka wabaki wawili wa mwisho wachukue fedha. Wengi waliingia kwa sababu tu humo kulikuwa na chakula na paa. Watazamaji walilipa kiingilio ili wawaone binadamu wenzao wakilala wakiwa wamesimama, mmoja amemwangukia mwenziwe begani huku nyayo zikiendelea kuburuza sakafu.

Buckley alikuwa mshereheshaji wa mashindano hayo huko Chicago na kwingineko katika ukanda ule. Fikirini kazi yenyewe. Ni saa tisa za usiku, uwanjani hakuna jipya, wachezaji hawana nguvu hata ya kutabasamu, na wewe umeshika kipaza sauti na unatakiwa uhakikishe kwamba waliokaa vitini hawaondoki. Huwezi kutegemea mzaha uliouandika, kwa maana mizaha ya kuandika huisha siku ya pili. Unalazimika kuishi kwa sauti yako na kwa kile kinachotokea mbele yako wakati huo huo. Mtu aliyefanya kazi hiyo akaimudu haogopi tena ukumbi wowote.

Baadaye alifanya kazi katika vilabu vya usiku vya Chicago, na inasimuliwa kwamba hata Al Capone, mkuu wa majambazi wa jiji hilo, alimpenda. Hilo lina ladha ya hadithi na silitilii mkazo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alizunguka na mtangazaji Ed Sullivan kuwatumbuiza askari, na Sullivan huyo alipopata kipindi chake cha televisheni alimwita. Onyesho lililowafurahisha watu wa televisheni lilikuwa la viti vinne. Aliwaita watu wanne kutoka miongoni mwa watazamaji, akawakalisha mstari mmoja, naye akasimama nyuma yao. Kila alipomgusa mmoja mgongoni, huyo alifungua na kufumba mdomo, na sauti ikatoka kwa Buckley. Sauti nne tofauti zilibishana, zikakatizana, zikacheka, na wale wanne walionekana kama watu waliogundua ghafla kwamba wana vipaji.

Hata hivyo, si viti vinne vilivyonifanya niandike. Ni kile alichokifanya karibu na mwaka 1950, alipokuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, ambapo wengine wa umri wake walikuwa wakirudia ya zamani.

Wanajazi walikuwa na lugha yao. Mwaka 1938 kiongozi wa bendi Cab Calloway aliichapishia kamusi ndogo. Katika lugha hiyo mwanamuziki mwenzako ni paka, na kulielewa jambo hadi mzizini ni kulichimba. Watu wenye heshima zao waliiona kuwa ni lugha ya walevi na wavuta bangi. Buckley aliichukua lugha hiyo hiyo akaisimulia Injili.

Kipande hicho kinaitwa "The Nazz", kifupisho cha Mnazareti, na alikirekodi mwaka 1951. Nitawaonyesha sehemu moja kwa Kiswahili changu, nikijua kwamba napunguza ladha. Mnazareti yuko barabarani na wenzake, wanatembea bila haraka, wanakutana na kijana mdogo ambaye mwili umempinda. Anamuuliza ana tatizo gani. Kijana anajibu, kwa lugha ya kijiweni, kwamba fremu yake imepinda na haijawahi kuwa vingine. Hapo Buckley hupunguza mwendo mpaka unadhani amesahau kinachofuata. Anasema kwamba Mnazareti alimtazama yule mdogo kwa macho ya dhahabu ya upendo, akaangalia moja kwa moja ndani ya dirisha la roho yake, kisha likatoka neno moja tu, kama tarumbeta inayoingia baada ya kimya: Nyooka! Papo hapo mwendo unarudi kwa kasi, watu wanarukaruka, wanaulizana kama mlimwona alivyokuwa, basi mwoneni sasa.

Nilipokisikia mara ya kwanza ilikuwa usiku, nyumbani wamelala, nami nimevaa vifaa vya masikioni. Neno lile lilipotoka nilijikuta nimeketi wima kitini.

Mchangiaji wa Zanzibar

Ndugu mleta mada, ahsante kwa uzi. Nauliza kwa nia njema: je, huku si kuwafanyia mzaha watukufu? Mimi ningepata shida kumsikiliza mtu akimsimulia Nabii Isa kwa lugha ya wavuta bangi.

Mleta mada

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na nimejiuliza mwenyewe. Jibu langu linatokana na kusikiliza kicheko kinaangukia wapi. Katika "The Nazz" kicheko hakimwangukii Mnazareti hata mara moja. Kinawaangukia wale wafuasi wanaoshangaa, wanaoogopa wimbi wakiwa ndani ya mashua, wanaolalamika njaa mbele ya mtu ambaye muda si mrefu atawalisha maelfu. Yeye mwenyewe anapofungua kinywa sauti hutulia, na Buckley husema kwamba neno alilolitamka lilikaa pale alipoliweka.

Ndivyo anavyomtendea Gandhi pia, katika kipande kiitwacho "The Hip Gahn". Umati mkubwa umekusanyika kumpokea, wapigaji wa kila chombo cha India wamekuja na vyombo vyao, na muziki umepanda hadi juu kabisa. Wanamuuliza mzee ni chombo gani kati ya vyote hivyo kinachomgusa zaidi. Anajibu kwamba ni gurudumu la kusokotea nyuzi. Kama kuna mtu atakayeniambia kwamba huo ni mzaha dhidi ya Gandhi, nitamwomba asikilize tena.

Na sisi watu wa pwani tusilione jambo hili geni mno. Utenzi wa Ayubu unafanya kazi iliyo jirani na hii: kisa cha mtukufu, kinachojulikana na kila msikilizaji, kinatolewa kwa lugha na mapigo ya watu wa hapa ili kiingie masikioni upya. Tofauti, nami naikubali, ni kwamba watunzi wa tenzi walichagua lugha iliyopambwa, naye alichagua lugha iliyodharauliwa.

Mchangiaji wa Nairobi

Mimi nina neno zito zaidi. Kwa maelezo yako huyu alikuwa Mzungu. Alichukua lugha ya Weusi, lafudhi ya Weusi na mapigo ya Weusi, akapanda jukwaani kuchuma. Tumeona habari hiyo mara nyingi. Kwa nini tumkumbuke yeye na si wale aliowachukulia? Nasema hivi kama mtu aliyekulia Eastlands, ambaye ameona Sheng ikichekwa shuleni na kesho yake ikitumika kuuzia sabuni.

Mleta mada

Ndugu wa Nairobi, sitalikwepa.

Tuanze na lililo baya. Zile sauti za viti vinne nilizozisifu hapo juu hazikuzuka hewani. Zilifuata mtindo wa Amos 'n' Andy, kipindi cha redio kilichoanza mwaka 1928, ambamo wanaume wawili Weupe, Freeman Gosden na Charles Correll, waliigiza Weusi kwa namna iliyowafanya wachekwe na taifa zima. Buckley alipata mkate wake wa televisheni kutokana na mtindo huo, na nisingekuwa mkweli kama ningewaacha mdhani kwamba ni ustadi wa sauti tu. Nimelitazama onyesho lile mara kadhaa, na kila mara nafurahia ufundi kisha nafadhaika.

Lakini nakuomba upime hatua aliyoipiga baadaye. Katika Amos 'n' Andy lugha ya Weusi ilikuwa alama ya ujinga. Mhusika alizungumza vile kwa sababu hakujua. Katika kazi za Buckley za miaka ya 1950 lugha hiyo ndiyo inayobeba Injili, hotuba ya Rais Lincoln ya Gettysburg ya mwaka 1863 na hotuba ya Antoni juu ya maiti ya Kaizari katika tamthilia ya Shakespeare. Yule kabaila wa Kiingereza anayefungua onyesho ndiye anayeachwa nyuma, kwa sababu kisa kinapofika mahali penye uzito Buckley huiacha lafudhi yake na kuhamia ile nyingine. Kwa mpango huo anamwambia msikilizaji ipi kati ya lugha hizo mbili inaweza kubeba mzigo. Silijui jukwaa jingine la Mzungu wa Marekani wa wakati ule lililosema hivyo kwa uwazi namna hiyo.

Kisha kuna "Black Cross". Maneno si yake. Ni shairi la Joseph S. Newman. Linamhusu Hezekiah Jones, mkulima Mweusi maskini anayeishi kilimani katika kibanda kilichochakaa, ambaye fedha kidogo anayoipata ananunulia vitabu na kuvificha kabatini. Mhubiri anamjia kumhoji: unamwamini Mungu, unaliamini kanisa, unaiamini mbingu? Hezekiah anajibu kwa utulivu kwamba anaamini mtu awatendee wema jirani zake bila kungoja thawabu ya mbinguni wala kuogopa moto. Wanamnyonga. Na wale watu wema wa kijijini wanaondoka wakisema alistahili, kwa sababu hakuwa na dini. Buckley anakisoma kisa hicho karibu bila mapambo. Anayetarajia kucheka anajikuta ameshika glasi yake bila kunywa. Mwimbaji mmoja kijana aliyekuwa bado hajulikani, Bob Dylan, alikichukua kipande hicho na akawa anakighani mwaka 1961.

Sikuambii kwamba hilo linalipa deni. Deni lipo, na wenye kudai ni Weusi waliounda lugha ile vilabuni, mitaani na katika mabasi ya safari za usiku, ambao wengi hawakupewa kipaza sauti kwenye televisheni kwa kipaji kile kile. Ungeniuliza nimtaje mmoja wa kusikilizwa kabla ya Buckley ningekuambia mchekeshaji Moms Mabley wa jukwaa la Apollo, Harlem, mwanamke aliyevaa gauni la bibi kizee na kusema aliyotaka kusema. Uzi wake unastahili kuandikwa, nami nitausoma kwa furaha. Ninachokataa ni kwamba ili tumkumbuke yeye lazima huyu azikwe mara ya pili.

Mchangiaji wa Nairobi

Nimekusikia. Sijashawishika kwa yote, lakini la Hezekiah limenikaa.

Mchangiaji wa Dodoma

Mleta mada, umesema alifariki akiwa na miaka 54, na mahali fulani niliwahi kusoma kwamba kifo chake kilihusiana na polisi na kibali cha kazi. Tafadhali tueleze.

Mleta mada

Ndiyo, na hili ndilo linaloniuma zaidi katika habari yake yote, kwa hiyo nitalieleza taratibu.

Tangu mwaka 1940 jiji la New York lilimlazimisha kila anayefanya kazi mahali panapouzwa pombe, awe mwimbaji, mpiga ngoma au mpishi, kuwa na kadi ya kabareti. Kadi ilitolewa na polisi. Ulikwenda kwao, ukachukuliwa alama za vidole, ukapigwa picha, ukajaza fomu ya mambo yako ya nyuma, ukalipa ada. Polisi ndio waliokuwa na uwezo wa kuinyang'anya. Hapo hakukuhitajika hukumu ya mahakama. Mtu aliyekwisha kutumikia adhabu yake angeweza kuadhibiwa upya kwa kukatazwa kazi yake katika jiji ambalo ndilo lililokuwa na kumbi nyingi za jazi kuliko jingine lolote. Mwimbaji Billie Holiday aliipoteza baada ya kesi yake ya mwaka 1947, na hadi anakufa mwaka 1959 hakuruhusiwa tena kuimba katika vilabu vya New York. Mpiga saksafoni Charlie Parker alinyang'anywa mwaka 1951. Thelonious Monk alinyang'anywa mwaka huo huo, akakaa bila kadi hadi mwaka 1957. Miaka sita ya ubora wa maisha yake, mpiga kinanda huyo aliishi ndani ya New York na hakuweza kupiga katika klabu ya mji wake.

Buckley alifika New York mwaka 1960 na kupata kazi katika klabu ya Jazz Gallery. Wakati huo hakuwa na kingine cha kumtegemeza. Mwezi Oktoba polisi waliichukua kadi yake, wakidai kwamba alipojaza fomu hakutaja kukamatwa kwake kwa miaka ya nyuma. Mtu wa miaka 54, mwenye mke na watoto, ambaye kazi yake yote ni kusimama mbele ya watu na kusema, aliambiwa asiseme.

Marafiki hawakukaa kimya. Mwandishi Harold Humes, mmoja wa waanzilishi wa jarida la The Paris Review, aliwakusanya waandishi na wasanii kumtetea, na suala likafikishwa mbele ya wakubwa wa polisi na kwenye magazeti. Kadi haikurudi. Tarehe 12 Novemba alipata kiharusi akafa, wiki chache tu baada ya kunyang'anywa. Mimi si daktari, na sitasema kwamba karatasi ndiyo iliyomuua. Nasema kwamba wiki zake za mwisho alizitumia akiomba ruhusa ya kufanya kazi aliyoifanya tangu ujana wake. Baada ya kifo chake Jazz Gallery ilifanya onyesho la kuichangia familia yake, na wanajazi Dizzy Gillespie na Ornette Coleman walikuwa miongoni mwa waliopanda jukwaani. Kadi za kabareti zilifutwa mwaka 1967.

Mchangiaji wa Tanga

Wanangu, mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nimesoma mpaka hapa na moyo umechangamka, hasa palipotajwa hotuba ya Antoni. Nilifundisha tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia hiyo kwa miaka mingi, ile iliyotoka mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969, na siku zote nilikuwa nawaambia wanafunzi waisome kwa sauti. Huyu Buckley aliifanyaje?

Mleta mada

Shikamoo Mwalimu. Swali lako ndilo nililokuwa nalingoja.

Buckley aliirekodi hotuba hiyo kwa santuri iliyotolewa na RCA Victor mwaka 1955, na maneno yake ya kwanza ndiyo yaliyokuwa jina la santuri. Mahali ambapo Antoni wa Shakespeare anawaita marafiki, Waroma na wananchi, Buckley anawaita watu wa vilabu vya jazi, wale wanaoalisha vidole kufuata mapigo. Na mahali ambapo Antoni anawaomba wamwazime masikio, yeye anawaambia wamgongee ndewe zao. Nimelifikiria sana neno hilo la ndewe. Sikio zima ni neno la mwalimu na la hakimu. Ndewe ni ya mtu unayemjua kwa karibu, aliyetoboa, aliyevaa kitu. Kwa neno moja amewahamisha watu kutoka uwanja wa Roma hadi meza ya mbele ya klabu.

Mkondo wa hotuba hakuugusa. Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, bado ni mtu mwenye heshima, na kila heshima hiyo inaporudiwa inazidi kuoza, kama ilivyo kwa Shakespeare na kama ilivyo kwa Mwalimu Nyerere. Hapo ndipo ninapoona kwamba Buckley alifanya kile wanajazi walichokifanya kwa nyimbo zao. Mpiga saksafoni alichukua wimbo unaojulikana na kila mtu, akaweka msingi wake chini bila kuuhama, kisha juu yake akajenga kitu kipya. Na msikilizaji alifurahi kwa sababu aliusikia wimbo wa zamani ukitembea chini ya ule mpya. Ndiyo maana Buckley alichagua Yona na nyangumi, Kaizari, Lincoln, Mnazareti. Asiyekijua kisa cha msingi husikia makelele tu. Hii, naamini, ni sababu nyingine ya kusahaulika kwake: vizazi vilivyofuata havikuwa tena na visa hivyo vichwani kwa kiasi kile, na lugha ya vilabu vya mwaka 1950 nayo ikawa inahitaji kamusi.

Mwalimu Nyerere alikuwa na kazi tofauti. Alitaka kuonyesha kwamba Kiswahili, ambacho watawala walikiona kuwa ni lugha ya sokoni na ya kuamrisha watumishi, kinaweza kumbeba Shakespeare bila kulegea. Wawili hawa hawakujuana, na sidai kwamba mmoja alimsikia mwenziwe. Hata hivyo, ndani ya miaka isiyozidi kumi, hotuba moja ilipelekwa katika lugha mbili zilizodharauliwa, na katika zote mbili ilisimama.

Kwa wanaotaka kumsikiliza, nawashauri msianze na "God's Own Drunk", kisa cha mtu aliyelewa na dubu, ingawa ndicho kinachojulikana zaidi kwa sababu mwimbaji Jimmy Buffett alikiimba. Ni kizuri, lakini kinamfanya aonekane mchekeshaji wa kawaida. Anzeni na "The Nazz". Kisha sikilizeni "The Gasser", ambacho mimi nakiweka juu ya vyote. Kinamhusu Álvar Núñez Cabeza de Vaca, Mhispania aliyefika Florida mwaka 1528 pamoja na watu wapatao 300, na ambaye hadi mwaka 1536, baada ya kuvuka bara kwa miguu akiwa uchi na mwenye njaa, alikuwa mmoja wa wanne tu waliobaki. Katika safari hiyo mvamizi aligeuka mganga wa wenyeji aliokuja kuwateka. Buckley anaisimulia kama barua ya Cabeza de Vaca kwa mfalme wake, na inapofika pale mtu yule anapogundua kwamba nguvu ya kuponya ilikuwamo ndani yake muda wote, sauti ya Buckley inapungua mpaka inakuwa kama ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Kisha "Black Cross", lakini msikilize mkiwa peke yenu.

Alama zake nyingine zimetawanyika, na ukishazijua unaziona. Mwaka 1956 alishiriki kama mshindani katika kipindi cha maswali cha mchekeshaji Groucho Marx. Mwaka 1959 onyesho lake katika ukumbi wa Ivar, Los Angeles, lilirekodiwa, na rekodi hiyo ndiyo inayomwonyesha akiwa na hadhira yake hasa. George Harrison wa Beatles alitunga wimbo mwaka 1976 kwa jina la nyumba ya Buckley, Crackerbox Palace, baada ya kukutana na mtu aliyewahi kuwa meneja wake. Na kama mna jalada la santuri ya Dylan ya mwaka 1965, ile ambayo mwanamke mwenye nguo nyekundu ameketi nyuma yake, tazameni rafu iliyo juu ya meko: moja ya vitu vilivyowekwa pale ni santuri ya Lord Buckley.

Mwalimu wangu wa Tanga, nina ombi kwako. Siku moja jioni, msome Antoni wa Nyerere kwa sauti kama ulivyokuwa ukiwasomea wanafunzi wako, kisha usiku huo huo msikilize Antoni wa Buckley, hata kama maneno mengine yatakupita, na utuandikie hapa hapa ulichokisikia.